Makadirio ya Ukuaji wa Kaunti: Watu, Nyumba na Ajira

Makadirio ya ukuaji ni hesabu ya kutazama mbele: miaka kumi au ishirini ijayo kaunti itakuwa na watu wangapi, watahitaji nyumba ngapi, na watafanya kazi wapi. Hesabu hizi tatu hazitengani. Mtu hufuata kazi, kazi ikipatikana hutafuta nyumba, na wapangaji wakishajaa mtaani huja duka, shule na stendi ya bodaboda, ambazo nazo ni kazi mpya.

Mfano mzuri ni Kajiado, kaunti ya Kenya inayopakana na Nairobi. Sensa ya 1999 ilihesabu watu 406,054, ya 2009 ikapata 687,312, na ya 2019 ikapata 1,117,840. Katika muongo wa mwisho kaunti ilikua kwa karibu asilimia 5 kwa mwaka, ilhali Kenya nzima ilikua kwa asilimia 2.2. Pengo hilo limeletwa zaidi na uhamiaji kuliko uzazi: watu walihamia Ongata Rongai, Ngong, Kiserian na Kitengela, miji iliyo mlangoni mwa Nairobi. Kwa hiyo anayekadiria Kajiado anakadiria, kwa sehemu kubwa, kodi za nyumba za Nairobi na hali ya barabara za kuingia jijini.

Njia nyepesi ni kuendeleza mwendo uliopita. Ukiongeza idadi ileile ya watu, yaani 430,528 kwa miaka kumi, utapata takriban watu 1,548,000 mwaka 2029. Ukiendeleza asilimia ileile, utapata takriban 1,818,000. Takwimu ni zilezile za sensa, lakini majibu yanapishana kwa watu 270,000.

Kabla ya kuchagua, jaribu njia zote mbili kwa yaliyokwisha kutokea. Jifanye uko mwaka 2009 na una sensa mbili tu mkononi. Njia ya idadi ingekupa watu 968,570 mwaka 2019, pungufu kwa asilimia 13 hivi. Njia ya asilimia ingekupa kama 1,163,000, imezidi kwa asilimia 4. Ya pili ilikaribia zaidi, ila imezidi kwa sababu kasi yenyewe ilianza kushuka. Ukiishikilia asilimia 5 bila kuipunguza, idadi ya watu hujirudia maradufu kila baada ya miaka 14 hivi, na mpango wa miaka 20 hugeuka ndoto. Jaribio hili huchukua dakika chache, na makadirio yasiyolionyesha tusiyaamini haraka.

Njia ya uhakika zaidi hugawa watu kwa jinsia na makundi ya umri ya miaka mitano mitano. Kila kundi linasogezwa mbele miaka mitano: unaondoa wanaotarajiwa kufa, unaongeza watoto kulingana na uzazi wa wanawake wa miaka 15 hadi 49, kisha unaongeza wahamiaji na kutoa wanaoondoka. Vifo na uzazi hubadilika polepole. Uhamiaji ndio unaoharibu hesabu. Wahamiaji wengi ni vijana na huja na watoto au huwapata baada ya kufika, kwa hiyo kuwagawa sawasawa katika kila umri kutakufichia haja ya zahanati na madarasa. Kati ya sensa na sensa, fuatilia uhamiaji kwa mita mpya za umeme, wanafunzi walioandikishwa na mapaa yanayoonekana kwenye picha za setilaiti. Ploti iliyouzwa si ushahidi: Kajiado ina ploti nyingi za futi hamsini kwa mia zilizowekewa ua na hazina mtu.

Kwenye nyumba kuna kosa moja linalorudiwa mno, nalo ni kudhani nyumba hukua kwa kasi ya watu. Nyumba hukaliwa na kaya, yaani watu wanaoishi na kula pamoja. Mwaka 2009 Kajiado ilikuwa na kaya 173,000 hivi, wastani wa watu 4 kila moja. Mwaka 2019 zilikuwa 316,179, wastani wa 3.5. Watu waliongezeka kwa asilimia 63, kaya kwa asilimia 82. Chukua tena wale watu 1,818,000: kwa wastani wa 3.5 ni kaya 519,000, kwa wastani wa 3.2 ni 568,000. Tofauti ya 0.3 tu katika wastani imeleta kaya 49,000 zaidi, kila moja ikitaka maji na choo. Kisha ongeza nyumba za kuziba pengo la zitakazobomolewa na zile zinazokaa tupu zikisubiri mpangaji. Ukitarajia asilimia 5 ziwe tupu, gawa kaya kwa 0.95; ukizidisha kwa 1.05 utapungukiwa kidogo.

Ajira zinataka hesabu mbili tofauti: wakazi wenye kazi, na kazi zilizoko ndani ya kaunti. Mkazi wa Rongai anayepanda matatu alfajiri kwenda Nairobi yumo katika ya kwanza, hayumo katika ya pili. Kazi zilizoko kaunti zigawe mara mbili. Zipo zinazoleta fedha kutoka nje: magadi ya Ziwa Magadi, saruji, mifugo, utalii wa Amboseli, mpaka wa Namanga. Hizi kadiria kila sekta peke yake. Nyingine hufuata wakazi: maduka, shule, saluni, mafundi. Hizi kadiria kwa uwiano wa kazi kwa kila wakazi 1,000. Kosa ni kutumia kazi za duka kama sababu ya watu kuja, kisha kuwatumia watu haohao kuongeza maduka. Hapo umehesabu mara mbili.

Mwisho, linganisha. Jumla ya kaunti ndogo zote lazima ilingane na ya kaunti; isipolingana, zirekebishe kwa uwiano. Kisha uliza kama maji yapo. Kitengela inategemea sana visima, na visima vikishindwa, wahamiaji waliokadiriwa watapanga kwingine. Andika makadirio matatu, ya chini, ya kati na ya juu, na kando ya kila moja weka uhamiaji na ukubwa wa kaya uliotumia, ili sensa ijayo ionyeshe ni dhana ipi iliyokosea.