Picha ya mzungumzaji ifanane na mtu atakayeingia ukumbini

Niseme ukweli, kosa lilikuwa langu. Kuna kaka mmoja anaongea kwenye semina za ujasiriamali hapa Kigoma, alikuja studio kwangu Mwanga na koti la suti la kuazima, nikamkunjisha mikono kifuani, nyuma kitambaa cha kijivu, halafu nikakaa kwenye kompyuta nikamsugua uso mpaka akawa kama yai la kuchemsha, na rangi nikampandisha kidogo maana ndo watu wanapenda. Akafurahi, picha ikaenda kwenye bango. Siku ya semina dada wa mapokezi anaangalia bango, anamwangalia yeye, anamuuliza, "Samahani kaka, mzungumzaji wetu mmekuja naye?" Alinisimulia huku anacheka. Mi sikucheka sana.

Maana mtu wa sabuni anapiga picha ya sabuni, ila wewe unayeishi kwa kuongea bidhaa ni wewe mwenyewe, na anayetaka kukualika anaangalia ile picha ajue siku hiyo atasimama mtu wa namna gani mbele ya watu wake. Ukimpa mtu mwingine umeshamdanganya kabla hujashika maiki.

Kwaiyo siku hizi mteja wa hivi sianzi na kamera. Naomba nikakae viti vya nyuma nimsikilize kwanza, hata nusu saa. Kila mtu ana kitu chake, kuna mama mmoja anafundisha akina mama mambo ya vikoba, akitaka kusema jambo zito anavua miwani anaishika mkononi, yani ukumbi mzima unanyamaza. Yeye mwenyewe hakuwa anajua kama anafanya hivyo! Ningemwita studio nikamwambia "mama tabasamu" ningeikosa ile miwani.

Sasa ukumbini kuna vita yake. Kumbi zetu nyingi zina dirisha upande mmoja na tyubu juu, uso unatoka nusu bluu nusu kijani, hapo naomba tu tyubu zizimwe kama mwanga wa dirisha unatosha. Zikibaki zinawaka, na hasa taa za LED za bei rahisi, ukipiga kwa spidi ya 1/500, yani kamera inapokea mwanga kwa sehemu moja tu ya 500 ya sekunde, unaweza kukuta mistari ya giza imepita kwenye picha, kwa sababu umeme wetu ni wa 50Hz na taa zile zinapepesa mara 100 kwa sekunde ingawa jicho halioni. Nashuka mpaka 1/100 ili kila picha ibebe mpepeso mzima, lenzi ya kuvuta mbali ya 70-200 naifungua sana kwenye f/2.8, ISO, yani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikipanda 3200 ipande tu, chengachenga kidogo haziui mtu. Ubaya wa 1/100 ni kwamba mkono ukirushwa unafutika, kwaiyo nasubiri. Na kusubiri kwenyewe kunasaidia, maana ukipiga katikati ya neno mdomo unatoka umepinda kama mtu anayetafuna ndimu. Mi napenda pale ameshatoa utani, watu wanacheka, yeye katulia anawangoja. Halafu angalia maiki iko mkono gani, akiishika kulia wewe hamia kushoto kwake, la sivyo utapata picha 200 za maiki yenye macho.

Za nje nazo zina mambo. Wapiga picha wa Dar wanasema saa kumi na moja na nusu jioni mwanga umeshalainika, huku kwetu saa hiyo jua bado linakuchoma kwenye paji la uso, sisi tuko magharibi kabisa ila saa ya ukutani ni ileile ya Dar, jua letu linachelewa kuzama zaidi ya nusu saa. Njoo saa kumi na mbili na kitu. Na wapi? Wengi wanataka ziwani, au stesheni ya Mjerumani, au pale Ujiji kwenye mnara wa Livingstone. Sawa, ila Stanley alimkuta Livingstone pale mwaka 1871, wewe hukuwepo. Kama unaongea na wakulima wa michikichi basi twende kwenye michikichi, vaa kile unachovaa ukiwa kazini, kitenge poa kabisa, shati la mistari myembamba tu ndo liache nyumbani, kwenye kamera linatoa mawimbi ya ajabu.

Kusafisha bado nasafisha. Kitakachoondoka wiki ijayo, kama chunusi, nakiondoa, ila kovu, mwanya, makunyanzi, rangi yako, hivyo vinabaki. Na weusi wetu haudai kung'arishwa, unadai mpiga picha apime mwanga usoni badala ya kwenye ule ukuta mweupe nyuma yako.

Ah, na piga fremu kadhaa za kulala, yani pana kuliko urefu wake, wewe pembeni na nafasi tupu upande wa pili, mtengeneza mabango atakushukuru. Zikitumwa WhatsApp zitumwe kama dokumenti, zisibanwe.

Yule kaka alirudi, sikumlipisha. Safari hii nikamfuata kwenye semina yake, shati mikono imekunjwa, anasikiliza swali la mzee mmoja wa mbele. Picha nzuri sana ila alikuwa ameloa jasho, akataka lifutwe lote kwa kanuni yangu mwenyewe, si litaondoka? Tukabishana. La usoni nikaliacha, la kwapani nikalifuta.