Kuwinda kulungu Iowa: tunayodanganyana na yaliyopo kweli

Mahindi yakianza kukauka huku Iowa, jimbo la mashamba hapa Marekani, stori za kulungu zinaanza, kazini, kanisani, kwenye magrupu ya wasap, na nusu yake ni uongo mtupu. Naongelea huyu kulungu mkia mweupe, yule anayeruka mbele ya gari lako mwezi wa 11 usiku. Wengi wetu huku, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, tunataka kuanza kuwinda ila tunaanza na maneno ya mtu ambaye na yeye kaambiwa.

"Ukitaka dume kubwa ingia msituni ndani kabisa." Msitu gani sasa? Zaidi ya 80% ya ardhi ya Iowa ni mashamba. Huyu mnyama anapenda ukingo, pale kichaka kinapokutana na shamba. Na miti iliyobaki ipo wapi? Mabondeni, kando ya mito kama Des Moines, Cedar, Iowa, Skunk, kwa sababu pale mafuriko yanakuja na trekta linakwama kwa hiyo hakuna aliyepalima. Hicho kimkanda cha miti ndo chumba chake cha kulala na ndo barabara yake, jioni anapanda kwenye soya au mahindi ya mtu, asubuhi anarudi. Saa ingine unakuta kijito chembamba tu chenye nyasi na miti michache katikati ya mashamba mawili na dume la maana linapita hapo kila siku, wakati wewe unajichosha kutafuta pori.

Na asikudanganye mtu kwamba zamani walikuwa wamejaa kisha wakulima wakawamaliza polepole mpaka leo. Kumalizwa walimalizwa kweli ila ni karne ile ya 19, mpaka uwindaji ukafungwa mwaka 1898, na 1936 walikadiriwa kuwa kati ya 500 na 700 tu jimbo zima. Msimu ulifunguliwa tena Desemba 1953. Sasa hivi wawindaji wanaua kama 100,000 kwa mwaka na bado wapo. Wamenenepea mahindi hayohayo ya mkulima.

Hapohapo kuna hii nyingine, "jana walikuwa wengi shambani leo hakuna hata mmoja, kuna mtu kawatisha." Inawezekana, lakini mara nyingi ni chakula kimebadilika. Soya ikiwa kijani wanaila majani yote kiangazi, majani yakianza kuwa ya njano wanaipa mgongo kabisa, mialoni ikidondosha mbegu kule bondeni wanahamia huko hata kama shamba limejaa, halafu kombaini likipita na mahindi yaliyosimama yakaondoka, waliokuwa wamejificha humo ndani wanakosa pa kukaa na wanashuka kwenye miti. Baridi kali ikishika wanarudi kwenye punje zilizobaki chini. Kwa hiyo mwenye shamba akikuambia atavuna Jumanne, hiyo ni habari kubwa kuliko viatu vipya utakavyonunua.

Sasa nifike kwenye kitu kinachowashinda watu wengi, upepo. Utasikia "bondeni kumetulia, hakuna upepo, hawezi kukunusa." Jamani. Bondeni ndo pagumu kuliko kote! Asubuhi jua likipasha ardhi joto hewa inapanda juu kufuata mteremko, jioni ikipoa inashuka, inafuata korongo kama maji na kutuama kule chini, na upepo ukipita juu ya kingo unapindapinda ukifika mtoni. Unaweza kukagua upepo kwenye simu ukaambiwa unatoka magharibi, ukapanda dungu lako vizuri, na saa kumi na moja jioni harufu yako yote imeshuka kwenye njia yake na wewe hujui, unasikia tu anapuliza pua kwa nguvu huko vichakani kisha mkia mweupe juu, kwaheri. Wawindaji wazuri wa mabondeni wanapanga asubuhi na jioni sehemu tofauti, na siku upepo haufai hawaendi, wanabaki nyumbani. Dawa za kuua harufu zinauzwa kwa bei, sabuni, dawa ya kupulizia, hata nguo, mimi naona zinapunguza kidogo tu, pua ya yule mnyama si ya kuichezea.

Na mto wala haumzuii. Anaogelea vizuri sana, manyoya yake ya baridi yana uwazi ndani yanamsaidia kuelea, kwa hiyo ukimvizia upande mmoja ukidhani ng'ambo ni mbali, mwenzio anavuka kama wewe unavyovuka barabara ya mtaani. Wapo wanaotumia hilo, wanaingia kwa mtumbwi ili wasikanyage njia zake wakaacha harufu.

Rangi. Watu wanaogopa kuvaa ile rangi ya chungwa inayowaka wakidhani kulungu anaiona kama sisi. Haoni hivyo, nyekundu na chungwa kwake zimefifia, bluu ndo anaiona vizuri, pamoja na mwanga wa urujuanimno (ultraviolet) ambao sisi hatuuoni kabisa. Kwa hiyo jinzi yako na nguo uliyofua kwa sabuni ya kung'arisha ni mbaya kuliko ile fulana ya chungwa. Na msimu wa bunduki fulana hiyo ni sheria, tena Desemba watu wanawinda kwa makundi wakiswaga wanyama kwenye miti, utaitaka mwenyewe.

"Matawi ya pembe ndo umri wake, matawi manane miaka minane." Hapana. Pembe zinaanguka kila mwaka na kuota upya, ukubwa unategemea umri na chakula na ukoo, na kwa lishe ya huku dume dogo tu linaweza kuwa na matawi manane. Umri unasomwa kwenye meno. Na baridi sio inayowafanya wapandane, ni urefu wa mchana, ndo maana kila mwaka kilele ni katikati ya Novemba hata kukiwa na joto. Baridi inawafanya watembee zaidi mchana tu, basi.

Halafu wazee wetu wengi hawataki kusikia habari ya kuua jike, wanasema unamaliza kizazi. Mahali wanyama wachache ni kweli. Ila kwenye haya mashamba jike mzima mara nyingi anazaa pacha, na majike wengine wanashika mimba wakiwa hawajafikisha hata mwaka, kwa hiyo ukiua madume peke yake idadi haipungui, dume mmoja anatosha majike kibao. Jimbo lenyewe linatoa vibali vya ziada vya majike kwa sababu hiyo. Na nyama yake ni laini, mimi dume lenye pembe siliringii mezani.

Sheria sasa, hapa watu wanaumia. "Mto ni wa wote." Maji ndio, unaweza kupita na mtumbwi wako. Lakini kwenye mito mingi midogo ya Iowa ardhi ya chini ya maji na kingo zake ni mali ya mwenye shamba, ukishuka ukakanyaga mchanga na upinde mkononi umeingia kwa mtu. Na usiseme "hakuna fensi wala kibao", ukienda kuwinda shamba la mtu bila ruhusa yake ni kosa, kibao kiwepo kisiwepo. Kulungu uliyempiga kihalali akikimbilia kwa jirani unaruhusiwa kumfuata bila silaha, ila gonga mlango kwanza, ni adabu na mwakani utamhitaji huyo mzee. Kama huna shamba la kuomba kuna maeneo ya umma ya wanyamapori, na kuna mashamba binafsi yaliyofunguliwa kwa umma kwa mpango unaoitwa IHAP. Kumwaga mahindi ili kumvuta kulungu ni marufuku, kukaa pembeni ya shamba la mahindi lililolimwa kawaida ni ruksa.

"Mpaka uwe raia." Sio kweli. Mwenye grini kadi anaweza kumiliki bunduki ya kuwindia kwa sheria ya taifa. Aliyekuja kwa viza ya muda, mfano mwanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki ila sheria ina mlango kwa mwenye leseni halali ya uwindaji, na asiye na makaratasi asiguse kabisa, hapo hakuna mjadala. Kama hali yako ina utata muulize mwanasheria kwanza, sio mimi. Ukaazi wa Iowa kwa ajili ya leseni ni siku 90 mfululizo, na aliyezaliwa baada ya 1 Januari 1972 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Ukiishi jimbo lingine utaingia bahati nasibu ya vibali na kusubiri.

Kuuza nyama yake ni marufuku, hata kilo moja kwa dada wa jirani, gawa bure. Ikikuzidi kuna mpango wa HUSH, unapeleka kwa bucha lililojiunga, inasagwa na kwenda kwa wenye njaa na wewe hulipi kitu.

Ya mwisho, magonjwa, maana watu wanachanganya mawili. Mwisho wa kiangazi, hasa mwaka wa ukame kama 2012, utakuta kulungu wamekufa kando ya maji na utasikia "mto umewekwa sumu". Ni EHD, virusi vinavyoenezwa na usubi unaozaliwa kwenye tope, mnyama anapata homa, anakimbilia maji, anafia hapo. Binadamu haimpati, na baridi ya kwanza ya kuua usubi inaisha. Ile nyingine ni CWD, inaharibu ubongo, hapa Iowa ilipatikana kwa kulungu wa porini mara ya kwanza 2013, wilaya ya Allamakee. Hii "pika sana itakufa" haina maana, sababu yake ni prioni, yaani protini iliyoharibika na wala si kidudu, moto wa jikoni hauiwezi wala friza. Mnyama anaweza kuonekana mzima kabisa. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuugua kwa kula, lakini ushauri wa wataalamu wa afya ni kupima ukiwinda eneo lenye ugonjwa na kutokula akikutwa nao. Idara ya Maliasili ya jimbo inachukua sampuli za tezi za shingoni, kwa hiyo usitupe kichwa haraka, na nyama iandikie alama uiache kwenye friza mpaka majibu yatoke.