Paa Aliyejificha: Posa ya Kale ya Moldavia

Katika desturi za posa ninazozichunguza, hakuna inayonivutia kama ya Moldavia, nchi ya kale ambayo sehemu yake ya magharibi leo imo Romania. Dimitrie Cantemir, aliyewahi kuitawala, aliieleza kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 18.

Washenga kwanza walipeleleza chini chini nia ya wazazi, wasije wakaumbuka. Wakishaona mlango u wazi, walikwenda na jamaa zao, lakini ndoa hawakuitaja. Walianza mbali: mababu zetu waliigundua nchi hii wakiwa mawindoni. (Hapo waligusia hadithi ya Dragoș, mwindaji aliyevuka milima kutoka Maramureș akimfukuza nyati-mwitu.) Bwana wetu naye, kwa kufuata mfano wao, ameingia porini akamwona paa mwenye haya, aliyeuficha uso wake akakimbia. Nyayo zake zimetuleta hapa. Tupeni windo letu, au tuonyesheni lilipo.

Wazazi walikana: labda mmepotea njia. Wageni waliposhikilia, aliletwa bibi kizee mwenye matambara. Ndiye huyu? Siye! Wetu ana nywele za dhahabu, macho ya kipanga, meno kama lulu zilizotungwa. Wakabishana hadi wageni wakatishia silaha, ndipo binti akatolewa akiwa amepambwa, na pete zikabadilishwa.

Kama jibu lilishajulikana, mchezo wote huo wa nini? Nionavyo mimi, ni heshima ya binti. Wazazi wanaomtoa kwa ombi la kwanza wangeonekana wamechoka kumlisha. Aliyewahi kufuatana na mshenga kwetu, akasikia "tumeona ua katika bustani yenu", halafu wenyeji wakajifanya hawana ua lolote, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mali ndiyo ilikuwa kinyume na kwetu. Badala ya mahari, binti wa vijijini Romania alikwenda na zestre yake: mifugo, pengine kipande cha ardhi, na sanduku la mbao lililojaa nguo na matandiko aliyoyafuma tangu utotoni. Upande wa binti nao haukununua mbuzi kwenye gunia. Walikwenda nyumbani kwa kijana kukagua nyumba na shamba. Harusi zenyewe zilikwepa mifungo ya Kanisa la Kiorthodoksi, hivyo kipindi kati ya sikukuu za Krismasi na Kwaresima kilijaa ngoma.

Kuna jambo moja linaloniuma. Kila Julai, karibu na siku ya nabii Eliya, tarehe 20, hufanyika gulio juu ya mlima Găina, katika milima ya Apuseni, magharibi mwa Romania. Kwa kuwa huitwa gulio la wasichana, wapo wanaoandika kana kwamba mabinti walinadiwa. Vilivyouzwa pale ni mapipa na vyombo vya mbao vya Wamoți, wakazi wa milima hiyo. Vijana wa mabonde yaliyotengana walipata nafasi ya kuonana, na posa ilifuata baadaye, nyumbani kwa wazazi.