Rejesho likikoma, fedha yake tayari ina wenyewe

Swali lenyewe huja hivi: "Mkopo wangu unaisha Machi. Makato yakitoka, nianze kuweka akiba kiasi gani?" Anayeuliza ni mtumishi, mwalimu au muuguzi, ambaye kwa miaka mitano mshahara wake umefika mkononi ukiwa umekatwa. Ninachokichoka ni imani iliyomo ndani ya swali, kwamba mwezi wa kwanza bila makato fedha ile itarudi yote, itakaa mfukoni ikisubiri kupangiwa kazi. Hairudi yote. Sehemu kubwa ina wenyewe tayari, na usipowajua kwa majina kabla ya Machi, kufikia Agosti utakuwa kwenye dawati la afisa mikopo ukisaini upya.

Tuchukue mkopo wa kawaida kabisa: shilingi 12,000,000, miezi 60, riba ya asilimia 15 kwa mwaka inayopungua pamoja na salio. Rejesho lake ni 285,479 kwa mwezi. Ndiyo fedha anayoisubiri mtu wetu.

Sasa chukua daftari, na usiandike bajeti ya mwezi. Bajeti ya mwezi ndiyo inayowadanganya watu, kwa sababu gharama zinazotupeleka kwenye mikopo haziji kila mwezi. Andika mwaka mzima, Januari hadi Desemba, ukurasa mmoja. Kodi ya nyumba ya 150,000 ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo: 900,000 mara mbili, yaani 1,800,000. Ada ndogondogo, sare, madaftari na viatu, kwa wingi Januari na kidogo Julai: 600,000. Nauli ya familia kwenda nyumbani Desemba pamoja na sikukuu: 300,000. Michango ya harusi na misiba, hata ukiibana: 20,000 kwa mwezi, 240,000 kwa mwaka. Jumla 2,940,000. Gawa kwa 12 unapata 245,000.

Kwa hiyo kati ya ile 285,479, wenyewe wameshachukua 245,000. Imebaki 40,479.

Hapo watu hunibishia: "Lakini hayo yote nilikuwa nayalipa hata nikiwa na mkopo!" Ndiyo, uliyalipa, ila ulizitoa wapi fedha hizo? Rudi nyuma mwaka mmoja, kodi kwa kodi, ada kwa ada. Kodi ya Julai ililipwa na zamu yako ya mchezo wa kupeana fedha kazini. Ada ya Januari ilitoka VICOBA, kikundi chenu cha kuweka na kukopeshana. Nauli ya Desemba ilitoka Songesha, mkopo wa kwenye simu, na ikakatwa kwenye mshahara wa Januari ulipoingia kwenye simu. Dukani kwa Mangi kuna ukurasa wenye jina lako, unaofutwa tarehe 28 na kuanza kujaa tarehe 5. Hayo ni madeni, ingawa hayaonekani kwenye slipu ya mshahara. Mkopo mkubwa ukiisha yenyewe yanabaki, na ndiyo yatakayoila ile fedha iliyofunguliwa. Ndiyo maana mtu anasema "sijui hata ilikwenda wapi" na anasema kweli, kwa sababu hakuna kitu kipya alichokinunua.

Hivyo kazi ya miezi sita ya mwisho ya mkopo ni kuyahamisha hayo matumizi ya mkupuo kutoka kwenye mikopo midogo kuyapeleka kwenye mifuko yake mwenyewe. Mfuko wa kodi, mfuko wa shule, mfuko wa safari na michango. Mitatu inatosha, kwa sababu mwenye mifuko tisa huacha kuandika mwezi wa pili.

Linalonichosha zaidi ni haraka ya kumaliza mapema. Mtu amebakiza miezi sita, amepata malimbikizo yake au ameuza kiwanja, na anataka kupeleka kila senti benki "niwe huru". Namwelewa, makato yanachosha moyo. Lakini tuhesabu. Miezi sita ikibaki kwenye mkopo wetu, salio la kumaliza leo ni kama 1,640,000. Ukiendelea kukatwa kawaida utalipa marejesho sita, jumla 1,712,874. Tofauti ni kama 72,500. Hiyo ndiyo riba yote iliyobaki. Huokoi zaidi ya hapo, na baadhi ya mikataba ina ada ya kumaliza mapema inayoipunguza zaidi. Sababu ni kwamba riba ya aina hii huliwa mwanzoni. Rejesho la kwanza kabisa lilikuwa na riba ya 150,000 ndani yake, na la mwisho lina riba ya 3,500 hivi. Ulichokibakiza ni karibu mtaji mtupu, deni la bei rahisi kuliko deni lolote utakalolipata mtaani.

Ukimpa benki 1,640,000 zako zote, ukabaki mtupu, mtoto akalazwa wiki ijayo, utakwenda wapi? Kwa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani mwenye riba kali. Laki tatu kwa asilimia 20 ya mwezi ni 60,000 kila mwezi, na miezi miwili tu imemeza riba yote uliyojisifu kuiokoa. Fedha hiyohiyo ingekuwa imekaa kama akiba ya dharura, makato yangeisha yenyewe kwa tarehe yake, na ungefika Machi bila deni ukiwa na akiba mkononi.

Ila hesabu hii isibebwe kila mahali. Ikibaki miezi 18, riba iliyobaki ni kama 562,000, na hapo kupunguza mapema kuna maana kubwa. Ikibaki 12, ni kama 263,000, na hapo mimi mwenyewe nasita. Mwenye akiba ya dharura tayari namwambia alipe, asiye nayo namwambia asubiri, na katikati yao kuna watu wengi ambao jibu langu kwao si la uhakika. Tena kama riba yako inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo bila kupungua, mambo ni tofauti kabisa. Mkopo huohuo ungekuwa na rejesho la 350,000, na riba ya mwezi wa mwisho ni sawa na ya mwezi wa kwanza. Uliza kwa maandishi: "Nikimaliza leo, riba ya miezi iliyobaki mnaifuta au naidaiwa?" Wakisema unaidaiwa, kumaliza mapema hakukupi chochote. Na kama unadaiwa na kausha damu pia, huyo ndiye wa kumalizwa kwanza leo, kabla ya mfuko wowote na kabla ya benki.

Topapu sasa, yaani mkopo mpya unaolipa salio la ule wa zamani na kukuachia kinachobaki. Makato yakikaribia kuisha, kanuni ya theluthi moja, ile sehemu ya mshahara ambayo makato hayaruhusiwi kuigusa, inaanza kukuonyesha una nafasi, na simu zinaanza kuingia. Maneno ni yaleyale: "Rejesho lako halitabadilika." Ni kweli, na ndipo hatari ilipo. Ukiwa umebakiza miezi 12, salio lako ni kama 3,163,000 na riba ya mwezi huo ni kama 39,500. Ukichukua 12,000,000 upya, wanalipa salio la zamani, unabaki na kama 8,837,000, kisha bima na ada ya mkopo zinakatwa humo. Rejesho ni lilelile 285,479, lakini riba ndani yake imeruka kutoka 39,500 kurudi 150,000. Umeuacha mwaka uliokuwa unalipa mtaji, umerudi kwenye mwaka wa kulipa riba. Ukitoa yale marejesho 12 ambayo ungeyalipa hata hivyo, kwa hiyo 8,837,000 utalipa zaidi ya 13,700,000. Kama kuna nyumba ya kupaua na hesabu hiyo umeikubali kwa macho makavu, sina neno. Kama ni ada ya Januari, mfuko wa 50,000 kwa mwezi ungeimaliza.

Jinsi ya kuanza ukiwa bado unakatwa. Kwanza omba taarifa ya mkopo, usitegemee hesabu ya kichwani. Kuna namba mbili tofauti, jumla ya marejesho yaliyobaki na salio la kumaliza leo, na watu huzichanganya. Angalia pia kama kuna mwezi mwajiri alichelewesha kuwasilisha makato, au kama mkopo ulitoka mapema na makato yakaanza baada ya miezi miwili; riba ya pengo hilo huongezwa, na ndiyo inayoleta "mwezi wa 61" usioutarajia.

Kisha anza kuziba madeni yasiyoonekana, la dukani kwanza, kwa kiasi kidogo hata 30,000 kwa mwezi, mpaka mwezi mmoja ufike tarehe 28 ukurasa wako ukiwa mweupe. Usijitoe kwenye mchezo katikati ya mzunguko. Maliza zamu, halafu fedha ya zamu yako iingie moja kwa moja kwenye mfuko wa kodi. Wiki mbili kabla ya mshahara wa kwanza usio na makato, weka agizo la kudumu benki: siku mshahara unapoingia, 285,479 ileile ihame kwenda akaunti isiyo na kadi wala programu ya simu. Kiasi kiwe kilekile kabisa. Nyumba yako ilishazoea kuishi bila fedha hiyo, na mazoea hayo hayadumu hata miezi miwili ukiyaachia.

Kuhusu mahali pa kuweka, akiba ya SACCOS si ya dharura. Inakupa nguvu ya kukopa, mara nyingi hadi mara tatu ya ulichoweka, na inaweza kukupa faida, lakini kwa kawaida huitoi bila kujitoa uanachama. Na hapa kuna jambo linalosahaulika: mkopo wako unaweza kuisha na akiba yako ikabaki imefungwa, kwa sababu umemdhamini mwenzako. Uliza orodha ya uliowadhamini. Kwa dharura, sehemu inayohitajika leo usiku ikae benki au kwenye simu, laki moja au mbili. Inayobaki inaweza kukaa Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako unauza vipande na kupata fedha baada ya siku chache za kazi. Siku hizo chache zina faida yake, zinakuzuia kuitoa kwa ajili ya sare ya harusi.

Dharura iwe kiasi gani? Vitabu husema matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Sina uhakika kuwa kipimo hicho kinamfaa mtumishi wa umma. Kipimo kile kinamwangalia mtu anayeweza kuamka hana kazi, wakati mtumishi huangushwa zaidi na simu ya saa nane usiku kutoka kijijini. Mimi hupendelea kuhesabu matukio: gharama ya kulazwa mtu mmoja wa familia, pamoja na safari moja ya msiba ya watu wawili kwenda na kurudi. Kwa wengi inaangukia kati ya laki nane na milioni moja na nusu. Kwa 40,000 zinazobaki kila mwezi hufiki haraka, ndiyo maana malimbikizo na fedha yoyote ya nje ya mshahara katika miezi hii yote iingie humo.

Mwenye mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asisahau kuwa ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi nayo itakoma siku yake. Iandikie kazi yake sasa hivi.

Mwezi wa mwisho ukifika, usishangilie kwa tarehe ya mkataba, fungua slipu. Ifungue na ya mwezi unaofuata, na ya tatu. Makato yakionekana bado, siku hiyohiyo peleka kwa afisa utumishi barua ya kumaliza mkopo, na madai ya kurudishiwa yapeleke kwa mkopeshaji, kwani fedha iko kwake. Barua hiyo ya kumaliza mkopo iombe kwa mkopeshaji kwa maandishi, iwe na namba ya mkopo na tarehe. Chukua hati au kadi ya gari uliyoweka dhamana, kagua taarifa yako ya mikopo kwenye kampuni ya taarifa za mikopo kama Creditinfo kuona kama mkopo unasomeka umefungwa, na wapigie wadhamini wako uwaambie wameachiliwa, maana nao wana mikopo wanayoisubiri.