Kabla hujanunua RAM, tazama video yako imebanwa kwa mfumo gani

Mama mmoja aliingia dukani kwangu na laptopu aliyoifunga kwenye khanga. Nilipomwamkia akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, nimeambiwa niongeze RAM. Nimeongeza, na video ya harusi ya binti yangu bado inaganda." Alikuwa ameshalipia kwenye duka jingine, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ikapanda kutoka GB 4 hadi GB 8.

Nikafungua faili tukatazama pamoja. Hotuba za wazee zilikwenda bila tatizo. Bibi harusi alipoingia ukumbini, watu wakainuka kucheza, maua yakarushwa, na papo hapo picha ikasimama. Sauti ikaendelea peke yake. Baada ya muda picha ikaruka mbele kuifukuzia, ikasimama tena.

Kesi hii naipata karibu kila wiki, na inaniuma kuona watu wanatoa hela kwa kitu ambacho hakihusiki. Video huhifadhiwa ikiwa imebanwa, na ili ionekane lazima ifumuliwe, yaani irudishwe kuwa picha. RAM haifumui video. Anayefumua ni mwingine.

Chukua fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazopita haraka kuunda video, ya HD kamili, 1920 kwa 1080. Ina pikseli (nukta za rangi) 2,073,600. Kwa mpangilio wa rangi uliozoeleka kwenye video, kila pikseli huchukua wastani wa biti 12, kwa hiyo fremu moja ni kama MB 3.1. Zidisha kwa fremu 25 za kila sekunde, unapata karibu MB 78 kwa sekunde. Saa moja ya harusi ingekula GB 280! Ndiyo maana video hubanwa, mara nyingi hadi kwenye megabiti 8 kwa sekunde au pungufu, yaani MB 1 tu kwa sekunde. Hata flashi ya kawaida hutoa kiasi hicho bila shida, kwa hiyo flashi nayo usiilaumu haraka.

Kubana kwenyewe ni kwa akili sana. Fremu moja huandikwa nzima. Zinazofuata huandika mabadiliko tu: kipande hiki cha ukuta kimebaki palepale, mkono huu umesogea pikseli sita kulia. Nyingine hutegemea fremu iliyopita na ijayo kwa pamoja, hivyo kompyuta inalazimika kufumua fremu ya mbele kabla ya kuonyesha ya sasa. Mzee akihutubia, nyuma yake pazia limetulia, kuna machache ya kuhesabu. Maua yakimwagika hewani na watu mia wakirukaruka, karibu kila kipande cha picha ni kipya. Na muda hauongezwi. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 40 tu. Ikichelewa inatupwa, kwa sababu programu nyingi za kuchezea video hufuata saa ya sauti. Sikio halivumilii sauti iliyokatikakatika, jicho husamehe kidogo.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na prosesa, ambayo ni kibarua wa kila kitu, au na mtambo maalumu uliomo ndani ya chipu ya picha. Mtambo huo hufumua video tu, hutumia umeme kidogo, wala feni haipigi kelele. Shida yake ni kwamba unajua mifumo ile tu uliyoundwa nayo kiwandani. Huwezi kuufundisha mpya kwa kupakua sasisho.

Hapo ndipo umri wa kompyuta unapoingia. Mfumo wa kubana video wa H.264 ulikamilika mwaka 2003, na laptopu nyingi za kuanzia 2011 huufumua bila jasho. H.265, ambao pia huitwa HEVC, ulikamilika 2013. Kwa upande wa Intel, prosesa za Core za kizazi cha 6 zina mtambo wa HEVC ya biti 8 (biti hizi ni za kila rangi; zikiwa nyingi, rangi huwa laini zaidi). Ya biti 10 ilikuja na kizazi cha 7, pamoja na VP9, mfumo mwingine ambao YouTube huutumia sana. Mfumo mpya zaidi, AV1, ulitoka 2018, na kwenye laptopu za Intel ulingoja kizazi cha 11. Kwa kadi za picha za NVIDIA, AV1 inaanzia RTX 30.

Laptopu ya mama ilikuwa Core i5 ya kizazi cha 3, chipu ya mwaka 2012. Faili lilikuwa HEVC, 4K (pikseli 3840 kwa 2160), biti 10. Mtambo wake haukuwahi kuusikia mfumo huo, kazi yote ikaangukia prosesa yenye koa mbili, yaani vibarua wawili tu ndani yake. Tena kioo chake ni 1366 kwa 768, pikseli milioni moja na kidogo. Mashine ilikuwa inafumua pikseli milioni 8.3 kwa kila fremu, halafu inazipunguza hadi sehemu moja ya nane ili zienee kwenye kioo. Kazi ya bure kabisa.

Ya kwako utaijua ndani ya dakika mbili. Cheza video kwenye programu ya VLC, bonyeza Ctrl+J. Utaona jina la mfumo na ukubwa wa picha, na kwenye ukurasa wa takwimu utaona idadi ya fremu zilizopotea. Kwenye Windows 10 au 11 bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda kwenye utendaji (Performance), uchague GPU, yaani chipu ya picha. Kuna grafu inaitwa "Video Decode". Ikipanda huku prosesa imetulia, mtambo unafanya kazi. Ikilala chini na prosesa iko asilimia 100, umempata mchawi.

Kuna wakati mtambo upo ila umezimwa. Kwenye VLC bonyeza Ctrl+P, ingia sehemu ya kodeki (programu za kubana na kufumua), uruhusu ufumuaji kwa vifaa, yaani kwa ule mtambo. Mimi mwenyewe natumia mpv, programu nyingine ya kuchezea video, ambayo kwa mashine dhaifu naiona nyepesi zaidi; kwenye faili lake la mipangilio andika hwdec=auto-safe. Video ikianza vizuri halafu ikaanza kukwama baada ya dakika kumi, shuku joto: prosesa inajipunguzia kasi isiungue. Fungua, toa vumbi kwenye feni, badilisha pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa. Na tafadhali, achana na vifurushi vya kodeki vya kwenye tovuti usizozijua. Nimesafisha virusi vingi vilivyoingia kwa mlango huo.

Kama mtambo haupo kabisa, badilisha faili. Nilifanya hivi kwenye kompyuta ya dukani, kwa ffmpeg, programu ya kubadilisha video kwa amri za kuandika:

ffmpeg -i harusi.mov -vf scale=1920:-2 -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a aac harusi-hd.mp4

Hapo picha inashuka hadi HD kamili, mfumo unakuwa H.264, na yuv420p inairudisha kwenye biti 8. Hilo la mwisho usilisahau, maana H.264 ya biti 10 nayo haina mtambo kwenye kompyuta nyingi. Asiyependa kuandika amri atumie HandBrake, programu ya kazi hiyohiyo yenye vitufe. Faili la asili usilifute. Nililihifadhi kwenye diski ya nje nikamkabidhi.

Kesho yake mama alirudi. Tukaanzia palepale bibi harusi anapoingia. Maua yakarushwa, mama akapiga kigelegele hapo dukani, na mimi nikawa natazama ile takwimu ya fremu zilizopotea. Ilisoma 0 mpaka wimbo ukaisha.