Kunguru nao muwaandike jamani

Mimi ni mmoja wa wale wanaojitolea kukagua listi za ndege ambazo watu wa huku pwani wanatuma eBird, ile apu ya kuandika ndege uliowaona, na listi inayonisumbua zaidi ni ile yenye ndege mmoja. Mtu kakaa uani kwake nusu saa nzima, kunguru wamejaa juu ya tangi la maji, shomoro wako mferejini, shore wawili wanagombania papai, halafu anaandika chozi peke yake, yule ndege mdogo wa kunyonya maua, manake chozi ndo mrembo. Sa mimi ntajuaje kama hao wengine hawakuwepo ama wewe ndo hukuwataka?

Apu ikikuuliza kama listi yako ni kamili haiulizi kama umewaona ndege wote wa mtaa, inauliza kama umeandika kila uliyemtambua. Ukisema ndio, basi hata yule ambaye hayumo anatuambia kitu, tunajua mtu alikaa hapo dakika kadhaa, akaangalia vizuri, na hakumwona. Bila hivyo ni picha ya kupeleka status tu.

Na huku kwetu hilo lina uzito wake. Huyu kunguru anayetuibia chapati si wa hapa, ni wa Bara Hindi, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakidhani atasafisha taka, Mombasa akaonekana 1947, na tangu hapo anakula mayai na makinda ya ndege wengine anavyotaka. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ikatangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja. Haya, wakipungua kweli nani atajua? Mwanasayansi hawezi kuingia kila ua wa Likoni na Kisauni, lakini wewe uko hapo hapo na chai yako, ukiandika leo kunguru 40 na shore 2, mwakani ukaandika kunguru 15 na shore 6, na majirani nao wakawa wanaandika, hapo tuna kitu cha kuangalia.

Ila umtambue vizuri. Muangalie shingo: wa Bara Hindi ana shingo na kifua cha kijivu, mwembamba kidogo, kelele haziishi. Wa kwetu wa asili ni mkubwa zaidi, ana weupe unaozunguka shingo mpaka kifuani kama kavaa fulana. Ukimpata huyo wa pili mjini mpige picha kabisa, manake ntakuuliza.

Kuhesabu kwenyewe si kugumu. Shomoro yule yule anaweza kuja mferejini mara tano, kwa hivyo usijumlishe, chukua idadi kubwa uliyoiona kwa pamoja. Wakiruka kundi zima kadiria, hesabu kumi uone wanachukua nafasi gani halafu ulinganishe na waliobaki, namba ya kukadiria inanifaa kuliko ile X ya kusema tu walikuwepo. Na Merlin, ile apu ya kutambua ndege kwa sauti, ikikwambia imesikia ndege fulani usikimbilie kumwandika, nenda umtafute kwa macho kwanza, simu nayo hubahatisha. Ukishindwa kumjua kuna chaguo za jumla kama "mbayuwayu" bila aina, hakuna aibu.

Kama wataka tarehe ya kuanzia, kuna Great Backyard Bird Count, zoezi la watu wote kuhesabu ndege, ilianza Marekani 1998 na tangu 2013 iko wazi dunia nzima, siku nne kila Februari, Ijumaa mpaka Jumatatu, dakika 15 sehemu moja zinatosha. Februari ni nzuri kwetu pia, manake mbayuwayu waliotoka Ulaya bado wako hawajaanza safari ya kurudi. Amka mapema tu, jua likishakuwa kali utabaki kuhesabu kunguru peke yao, na hao pia utaniandikia.