Je, wajua picha ya kale isiyo na tarehe hujitaja umri wake yenyewe?

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp mtu alirusha picha iliyofifia, rangi ya kahawia, na maelezo chini yake: "Dar es Salaam enzi za Mjerumani." Watu wakamwaga mioyo, mmoja akaanza kumkumbuka marehemu babu yake. Kumbe katikati ya picha, pale barabara zinapozunguka, amesimama Askari na bunduki yake yenye singe. Sanamu ile ilizinduliwa na Waingereza mwaka 1927. Mjerumani alishaupoteza mji tangu 1916. Picha ilikuwa inayasuta maelezo yake yenyewe, na hakuna aliyeona.

Basi wanaozisoma picha za kale wanajuaje mwaka, ikiwa aliyepiga keshafariki na nyuma hakuandika kitu? Hawahangaiki sana na kile mpiga picha alichokikusudia. Wanatafuta vile alivyoshindwa kuviondoa.

Darasa zuri kuliko yote ninalolijua ni ufukwe wa Forodhani, Unguja. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, meli za abiria za Waingereza, Wajerumani na Wafaransa zilitia nanga pale. Abiria wakishuka kwa saa chache walitaka kitu cha kupeleka nyumbani, na waliowauzia picha walikuwa hasa Wagoa, watu wenye asili ya Goa kule India, wenye studio mjini, kama A. C. Gomes na akina Coutinho. Bidhaa iliyotoka sana ni ile ile: mji unavyoonekana kutoka baharini, na Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, likiwa limetawala picha nzima. Kwa hiyo mahali pamoja pakapigwa picha mara nyingi mno kwa miaka mingi. Kwa mtafutaji wa tarehe, hiyo ni dhahabu.

Anza na mnara. Ukiuona mnara wa taa umesimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari, picha hiyo ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896. Asubuhi ya siku hiyo manowari za Uingereza zilimpiga kwa mizinga Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia kiti cha usultani bila idhini yao. Vita havikufika hata saa moja, na ndiyo maana huitwa vita vifupi kuliko vyote katika historia. Mnara ule ukaharibika, na jumba la jirani, Beit al Hukm, likabomoka na halikujengwa tena. Mwaka 1897 mnara mpya wenye saa ukajengwa juu ya uso wa Beit al Ajaib lenyewe. Hivyo picha ya jumba lisilo na mnara wowote, na magofu pembeni, ina nafasi ya miezi tu ya kuchagua.

Sasa geuza macho upande wa maji. Asubuhi ile ile Waingereza waliizamisha meli ya Sultani, Glasgow. Barghash aliijengesha baada ya kimbunga cha 1872 kuviangamiza vyombo vyake. Bandarini pale maji si ya kina kirefu, kwa hiyo meli ilikaa chini na milingoti yake mitatu ikabaki nje, imechomoza kama miti ya mtego wa samaki. Ilibaki hivyo mpaka mwaka 1912, mabaki yalipovunjwa na kuondolewa. Nina hakika wapiga picha wengine iliwaudhi, maana inakata mandhari katikati. Lakini leo hiyo milingoti ndiyo inayotusaidia. Saa iko juu ya jumba na milingoti bado iko majini? Basi ni kati ya 1897 na 1912. Na ikiwa picha imepigwa kutoka upande wa Ngome Kongwe na kuna treni inapita, usirudi nyuma ya 1905, mwaka ilipoanza reli ndogo ya kwenda Bububu. (Ndiyo, Unguja ilikuwa na treni. Ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1920.)

Picha ikiwa ni postikadi, igeuze. Postikadi ya kwanza ya serikali ilitolewa Austria-Hungaria mwaka 1869, haina picha, na kwa muda mrefu posta za dunia zilishikilia kanuni moja: upande mmoja ni wa anwani tu. Ndiyo sababu ya kile kinachowashangaza wengi, kwamba watu wa zamani waliandika salamu zao juu ya picha, pembeni mwa jahazi au katikati ya mawingu. Halikuwa suala la adabu mbovu. Hawakuwa na pa kuandika. Uingereza iliruhusu upande wa anwani ugawanywe kwa mstari, nusu ya salamu na nusu ya anwani, mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kadi isiyo na mstari huo kwa kawaida ni ya zamani zaidi. Stempu nayo husema: ya Zanzibar yenye thamani ya "anna", sehemu ya rupia ya Kihindi, ni ya kabla ya 1908, mwaka zilipoingia za senti.

Hapa ndipo wengi huteleza. Muhuri wa posta unakwambia kadi ilitumwa lini, haukwambii picha ilipigwa lini. Wenye studio walihifadhi vioo vya picha, yaani negativu za wakati huo, na kuvichapa upya miaka nenda miaka rudi, maana mteja wa meli hajui kama milingoti imeshaondolewa. Usiamini rangi pia. Postikadi nyingi za rangi za wakati huo zilichapwa Ujerumani kutokana na picha nyeusi na nyeupe, na aliyepaka rangi hakuwahi kuiona Unguja. Bendera nyekundu ya Sultani ikigeuka ya samawati, wa kulaumiwa yuko kiwandani.

Zilizosalia zimetawanyika. Mkusanyo mmoja mkubwa wa picha za Afrika Mashariki, zaidi ya 7,000, uko Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama. Nenda na macho ya kutafuta milingoti.

Wewe mwenyewe pia huenda una moja. Kama uliwahi kujipiga picha Forodhani na saa ya Beit al Ajaib ikaingia nyuma ya bega lako, hata simu ikipotea na tarehe zake zote, picha ile ni ya kabla ya 25 Desemba 2020, siku uso wa jumba ulipoporomoka pamoja na mnara wake. Likisharudishwa kama lilivyokuwa, mjukuu wako atakuwa na kazi ya kuzitofautisha saa mbili.